Tovuti ya Meno na Saa ya Mama

Makubaliano yalifanyika Jumatano, mezani, kabla sahani hazijaondolewa. Mama alisema tovuti ya Kitinda ikifunguka kwenye simu yake yeye mwenyewe, Jumamosi, saa sita kamili mchana, basi hatataja tena habari ya bohari ya saruji mpaka anaingia kaburini. Isipofunguka, Jumatatu Kitinda atavaa koti la ulinzi na kwenda kulinda mifuko kwenye bohari anayoisimamia shemeji yake. Shemeji, aliyekuwa bado anatafuna, aliongeza kwamba koti lipo, tena jipya, na tochi yake.

Kitinda alikuwa kitindamimba wa nyumba ile, na jina lilimganda hapo. Kwa miaka mitatu alikuwa anatengeneza tovuti chumbani kwake, na kwa miaka mitatu nyumba nzima iliamini anacheza. Si kwamba hawakumpenda. Walimpenda, ila kwa huruma, kama watu wanavyompenda kuku wa mguu mmoja. Wageni wakimuuliza Mama huyu kijana wake wa mwisho anafanya kazi gani, Mama alikuwa akijibu, "Yupo," kisha anauliza kama chai iongezwe sukari.

Safari hii kazi ilikuwa ya kweli. Dada yake mkubwa, mke wa huyo shemeji, alikuwa muuguzi kwenye kliniki ya meno, na alikuwa amemwapia daktari wake kwamba mdogo wake anaweza kutengeneza tovuti ya kuchukulia miadi, ili wagonjwa wasifike alfajiri na mashavu yamevimba kugombania benchi moja. Daktari akasema haya, tuone. Miezi minne Kitinda hakutoka chumbani ila kwa mambo ya lazima, na hata hayo aliyafanya mbiombio, akiacha milango wazi nyuma yake. Hilo lilikuwa tatizo lake tangu utotoni: mlango, bomba, kopo la sukari, akigusa, haki ya Mungu, hafungi.

Na Mama alikuwa mtu wa kufunga na kufungua kwa saa. Alikuwa mwalimu mkuu mpaka alipostaafu, na siku ya kuondoka aliibeba saa ya ukutani ya ofisini kwake, akatoka nayo getini mchana kweupe, wala hakuna aliyethubutu kumuuliza. Sasa saa ile ilitundikwa sebuleni, na ndani ya nyumba hiyo ndiyo iliyokuwa sheria. Redio ikitofautiana nayo, redio ndiyo iliyokosea. Shemeji mwenyewe, siku ya kwanza alipokuja kujitambulisha, alichelewa dakika nne, akaachwa nje ya geti juani saa nzima na suti yake, mpaka Mama aliporidhika kwamba somo limeingia.

Basi Jumamosi ikafika. Saa tatu asubuhi Kitinda alianza kuihamisha tovuti. Mpaka siku hiyo ilikuwa inaishi ndani ya kompyuta yake tu, ikimchekea yeye peke yake. Sasa ilitakiwa ihamie kwenye seva ya kampuni moja ya kukodisha, kompyuta kubwa isiyozimwa usiku wala mchana, ambako mtu yeyote mwenye simu angeweza kuiona. Mafaili yalipanda moja moja. Yalipokwisha, alipiga moyo konde akaifungua. Ukurasa ulikuja mweupe pe, na mstari mmoja katikati:

"Hitilafu: imeshindikana kuunganisha hifadhidata."

Hifadhidata ndiyo lile daftari kubwa ambamo tovuti huandika kila kitu: nani anakuja, siku gani, jino lipi. Tovuti isiyoiona hifadhidata yake ni karani aliyefika kazini bila kalamu wala karatasi. Atakusalimia, basi.

"Imefunguka?" Mama aliuliza kutoka dirishani, alikokuwa anamwagilia maua yake.

"Inafunguka, Mama."

"Inafunguka au imefunguka?"

"Inaelekea kufunguka."

Mama aliendelea kumwagilia. Kitinda alijikuna kichwa, akalipata kosa la kwanza baada ya nusu saa, na alipolipata alijiona mjinga. Kwenye kompyuta yake, tovuti na hifadhidata vililala chumba kimoja, kwa hiyo palipotakiwa anwani ya hifadhidata yeye alikuwa ameandika, kwa lugha ya kompyuta, "iko hapa hapa." Kule kwa wenyewe, hifadhidata ilikaa kwenye mashine nyingine kabisa. Tovuti ilikuwa inapapasa chumbani kumtafuta mtu anayekaa mtaa wa pili. Akaandika anwani mpya, akafungua tena.

"Hitilafu: mtumiaji amekataliwa."

Hapo napo alijua kosa ni lake. Kwenye kompyuta yake alikuwa akiingia kama bwana mwenye nyumba, bila neno la siri, maana nani angekuja kumwibia? Kwenye seva hakuna bwana. Kuna wapangaji, na kila mpangaji ana jina lake na neno lake la siri. Akamtengeneza mtumiaji mpya, akampa neno la siri refu lenye namba na alama mpaka yeye mwenyewe akalisahau akalazimika kulitengeneza upya, akafungua.

"Hitilafu: mtumiaji amekataliwa."

Saa ya ukutani ikagonga saa tano. Kitinda alianza kuliona lile koti. Aliona mifuko ya saruji imepangwa, vumbi jeupe kwenye kope zake, na yeye kwenye kiti cha plastiki akimulika panya kwa tochi. Hakuwa anaidharau kazi ya ulinzi. Aliogopa kitu kingine: akishalivaa koti lile, hakuna mtu duniani atakayeamini tena kwamba alikuwa na kazi yake. Akapiga simu kwenye kampuni ya seva.

"Karibu, mpendwa mteja," alisema dada wa huduma kwa wateja, kwa sauti ya asali. "Nikusaidie nini leo?"

"Tovuti yangu haiingii kwenye hifadhidata."

"Pole sana, mpendwa mteja. Umejaribu kuzima na kuwasha?"

"Kuzima nini, dada?"

"Chochote, mpendwa mteja."

"Hakuna cha kuzima. Mtumiaji nimemtengeneza, neno la siri nimeliweka, na bado anakataliwa."

Vidole vikabofya upande wa pili. "Naona mtumiaji yupo," alisema. "Na hifadhidata ipo. Ila hujawakutanisha. Hujampa ruhusa ya kuingia. Ni sawa na umeajiri mtu, umejenga ofisi, halafu ufunguo umebaki nao mfukoni."

Kitinda alimshukuru kwa unyenyekevu wa mtu aliyevuliwa nguo hadharani. Alipekua mipangilio, akapata kiboksi kidogo kilichoandikwa ruhusa, akakiwekea alama, akafungua tovuti kwa jicho moja.

Jino kubwa jeupe likatokea, likatabasamu. Chini yake palikuwa na maneno: Karibu, chagua siku yako.

Ilikuwa saa tano na nusu. Kitinda alitoka mbio mpaka sebuleni, mlango wake wazi nyuma yake, akamkuta Mama anapangusa saa kwa kitambaa.

"Mama, imefunguka. Chukua simu uangalie."

Mama aliitazama saa, kisha akamtazama yeye. "Tulisema saa ngapi?"

"Saa sita. Lakini iko wazi sasa hivi, Mama. Bonyeza tu."

"Mtihani wa saa sita hausahihishwi saa tano na nusu. Nikiangalia sasa, ikafa baadaye, utasema nilishaiona. Saa sita kamili nitaangalia." Akakunja kitambaa. "Na kafunge mlango wa chumba chako, mbu wanaingia."

Akachukua simu yake na miwani, akaingia chumbani kwake, akajifungia.

Kitinda hakufunga mlango. Alijitengenezea chai, akaketi na meno thelathini na mawili nje, akampigia dada yake kliniki kumwambia mambo yamenyooka. Dada akasema amefungua na yeye, jino limependeza, daktari amecheka. Kitinda alikunywa ile chai kama mtu aliyeajiriwa. Kikombe hakijafika nusu, dada akapiga tena.

"Wewe. Imekufa."

"Imekufaje?"

"Nakusomea: 'Hitilafu: miunganisho imezidi kiwango.' Na daktari hacheki tena."

Ilikuwa saa sita kasoro dakika kumi na tano. Kitinda alifungua, akaliona neno hilo kwa macho yake. Kifurushi alichokodishiwa kiliruhusu milango kumi na mitano ya kuingilia kwenye hifadhidata kwa wakati mmoja, na yote kumi na mitano ilikuwa imeshikwa. Imeshikwa na nani? Tovuti ilikuwa haijatangazwa. Daktari alikuwa hajabandika hata karatasi mlangoni. Nani hao waliokuwa wanakimbilia kung'olewa meno Jumamosi kabla ya chakula cha mchana?

Akaingia kwenye hifadhidata kwa njia ya uani, ile inayowekwa na kampuni kwa ajili ya mafundi, akaangalia orodha ya miadi. Alitegemea kukuta moja, ile ya dada yake ya kujaribia. Akakuta thelathini na nane, zote za Jumanne; ilionekana kila aliyeingia aliiandikia nyumba yake nzima.

Alianza kusoma, na kadiri alivyosoma ndivyo midomo ilivyoachana. Shangazi mkubwa, kusafisha. Mjomba mwenye lori, jino la nyuma kushoto. Binamu watatu wa nyumba moja, wote kung'oa, saa ile ile. Mama mdogo, ambaye anaishi mwendo wa siku mbili kwa basi, kuziba. Na chini kabisa, babu. Babu alikuwa kibogoyo tangu Kitinda yuko darasa la pili. Alikuwa ameomba kung'olewa meno mawili, na kwenye nafasi ya maelezo ya mgonjwa aliandikiwa na mtu: "Hongera mjukuu wangu."

Kitinda aliinuka. Ukoo mzima haukusanyiki namna hiyo bila kengele, na mpiga kengele alikuwa mmoja tu. Akaenda kugonga mlango wa Mama, na hakusubiri kuitikiwa.

Mama alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, miwani kwenye ncha ya pua, simu mkononi, kidole kikibonyeza, kikisubiri, kikibonyeza tena. Alipomwona mwanawe aliisukuma simu chini ya mto.

"Mama, unafanya nini?"

"Nasoma."

"Unasoma nini?"

"Mambo yangu."

Kitinda alinyoosha mkono. Mwalimu mkuu mstaafu, aliyewanyang'anya vitu watoto wa watu miaka thelathini na mitano, alitoa simu chini ya mto akamkabidhi. Kwenye kundi la ukoo palikuwa na ujumbe wake wa saa tano na dakika thelathini na nne:

"Ndugu zangu. Mwanangu amefungua tovuti yake leo. Hatawaambia mwenyewe, lakini ameihangaikia miezi minne, taa yake naiona chini ya mlango kila usiku. Sitaki mtoto wangu afungue duka halafu asiingie mtu. Kila mmoja aingie, achukue miadi, na asitoke mpaka nitakaposema. Mkiona imetulia, bonyezeni tena. Saa sita nitaita mahudhurio."

Kitinda aliusoma mara mbili. Miaka mitatu alikuwa anapigana na mtu mmoja ndani ya nyumba ile, kumbe mtu huyo alikuwa anaangalia taa chini ya mlango wake. Alitaka kusema jambo la maana. Mlio wa saa ya ukutani kutoka sebuleni ukamkumbusha kwamba muda unakwisha.

"Mama," alisema, "hao watu ndio walioiua."

"Wameiuaje? Wamekuja kukusaidia."

"Maji yamezidi unga. Milango ni kumi na mitano, watu ni ukoo mzima, na wewe umewaambia wasitoke."

"Nitawaambia watoke."

"Hata wakitoka haisaidii." Hapa sauti yake ilishuka, maana alikuwa amekwishaona kosa liko wapi, na halikuwa la ukoo. "Kila anayeingia, tovuti inamfungulia mlango wa hifadhidata. Akimaliza, mlango unatakiwa ufungwe apewe mwingine. Mimi niliuandikia ubaki wazi. Niliona nikiuacha wazi, anayefuata ataingia haraka. Kwenye kompyuta yangu nilikuwa peke yangu, haikuleta shida."

Mama alivua miwani. "Hufungi mlango."

"Sifungi."

"Miaka ishirini na sita nakwambia."

"Ndiyo, Mama."

Mama alikuwa na maneno, yalionekana yamejipanga shingoni. Aliyameza yote. "Nenda ukaufunge," alisema, akachukua simu yake akawaandikia ukoo: tokeni wote. Ukoo ukaitikia kwa vidole gumba. Mjomba mwenye lori akauliza, hata mimi?

Zilibaki dakika nane. Kulirekebisha kosa lenyewe kulikuwa neno moja katika mstari mmoja, ovyo kabisa, na kulipandisha faili ni kupepesa jicho. Lakini ile milango kumi na mitano ya zamani ilikuwa bado imeachwa wazi kule kwenye mashine, imeshikwa na watu ambao hawakuwepo tena, na Kitinda hakuwa na uwezo wa kuwatoa. Akapiga simu.

"Karibu, mpendwa mteja. Nikusaidie nini leo?"

"Dada yangu," alisema Kitinda, "hifadhidata yangu. Nakuomba uizime, uiwashe."

Upande wa pili ikaja sauti ya mtu aliyesubiri siku hiyo tangu aajiriwe. "Kwa furaha kubwa, mpendwa mteja," alisema. "Usikate simu."

Ukaanza muziki, kinanda kimoja kikirudia sauti nne zile zile. Kitinda aliiweka simu kwenye spika, akaenda nayo sebuleni, akasimama chini ya saa. Mama akatoka chumbani na simu yake, miwani usoni, akasimama karibu naye. Dakika tano. Kinanda. Dakika tatu. Kinanda. Mshale mrefu ukapanda ukaulalia ule mfupi, na saa ikaanza kugonga. Ilipofika kugonga kwa tatu, hodi ikabishwa mlangoni.

Alikuwa shemeji. Tangu siku ile ya suti hakuwahi kuchelewa tena katika nyumba ile. Mkono mmoja alibeba koti la ulinzi limekunjwa vizuri, mwingine tochi, na usoni alikuwa na huruma ya mtu anayekuja kumchukua mgonjwa.

"Imefunguka?" aliuliza.

Kinanda kikamjibu.

Shemeji aliketi. Saa ilimaliza kugonga mara kumi na mbili, ikanyamaza. Mama alibonyeza simu yake: hitilafu. Kitinda hakuthubutu kumtazama. Ikapita dakika moja, ikapita ya pili, mpaka ya nane. Shemeji akasema polepole kwamba bohari si mahali pabaya, kivuli kipo, na kijana anaweza hata kuja na kompyuta yake. Alikuwa anasema kwa wema, na wema wenyewe ndio uliouma.

"Mpendwa mteja," ilisema simu, "asante kwa kusubiri. Nimezima na nimewasha."

Mama akabonyeza.

Jino likatokea kwenye kioo cha simu yake, jeupe, likitabasamu. Akabonyeza tena, likatabasamu tena. Akabonyeza mara tano mfululizo, kama alivyozoea kujaribu kiti kabla mkaguzi hajakikalia, na mara zote tano jino lilimchekea. Kisha akamwonyesha shemeji.

"Imefunguka," alisema.

Shemeji aliitazama simu, akainua macho ukutani. Alikuwa mtu wa haki. "Nzuri sana," alisema. "Mimi sina neno, Mama. Ila hapo ni saa sita na dakika tisa. Na tulisema kamili."

Kitinda aliangalia sakafu. Ilikuwa kweli. Hakuna aliyewahi kubishana na saa ile akashinda.

Mama naye aliitazama saa kwa muda mrefu. Kisha akavuta kigoda kutoka chini ya meza, akakisogeza ukutani.

"Hii saa inakimbia," alisema.

Shemeji aliinuka kitini. "Inakimbia?"

"Dakika kumi nzima. Kitinda, nishikie kigoda."

"Mama, hata simu yangu inasema saa sita na—"

"Na simu yako inakimbia."

Kitinda alikishika kigoda kwa mikono miwili kisiyumbe. Mama akapanda, akakifungua kioo cha saa, akaweka kidole kwenye mshale mrefu na kuurudisha nyuma, taratibu, mpaka saa sita kasoro dakika moja. Akakifunga kioo vizuri.

Shemeji alikuwa amesimama na koti lake kifuani. "Mama," alisema, na sauti yake ilikuwa na miaka minane ndani yake, "siku ile nilikaa juani saa nzima. Kwa dakika nne."

"Siku ile ilikuwa sawasawa," Mama alisema akishuka. "Imeanza kuharibika leo."

Shemeji alitafakari jambo hilo, akaona hapana pa kulikatia rufaa. Akacheka, kwanza kidogo, kisha mpaka akaketi tena, akauliza kama Jumanne kuna nafasi ya jino, maana yake moja linamsumbua kweli. Kitinda akamwambia ipo, akishawafuta ndugu thelathini na saba.

"Thelathini na nane," Mama alisema.

"Babu namwacha."

Akarudi kwenye kompyuta yake. Alipokwisha kuingia chumbani kwake alisita, akageuka, akaufunga mlango nyuma yake mpaka kitasa kikalia.

Simu ya Mama iliita sebuleni. Kupitia mlango alimsikia akipokea, akisalimiana kirefu, akijibu habari za ukoo na za mvua. Alikuwa shangazi mkubwa, aliyetaka kujua kama wanaweza kuingia tena, na kama anaweza kupewa kijana ampe hongera mwenyewe.

"Hapana, wifi, kwa sasa haiwezekani," Mama alisema. "Yuko kazini."